Kabla hujamlipia mtoto soba hausi, ulizia akitoka inakuaje

Mwanangu alikua na miaka 16 nlipomtoa hapa Makorora nikampeleka soba hausi, zile nyumba za kuachia dawa za kulevya, unga wa heroini ushamkaa na mi nshauza mpaka friji. Miezi minne. Siku ya kumchukua namkuta mashavu yamejaa, shati halifungi kifungo cha shingo, nikajua kapona. Wiki ya tatu karudi kijiweni.

Kule tulikua tunahesabu siku tu, hakuna alieandika Jumatatu akirudi Tanga ataamkia wapi. Alaf alikua analazwa chumba kimoja na watu wazima, usiku kucha anasikiliza stori zao za unga. Jamani ulizieni watoto wanalala wapi.

Na msidanganyike na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Inauma vibaya siku mbili tatu za mwanzo, ndani ya wiki hivi inapoa, inabaki hamu na kukosa usingizi na hivyo vinaweza kwenda miezi, kwa hiyo mkiona hatapiki tena ndo kwanza kazi inaanza.

Mara ya pili tukaenda kwengine. Mshauri kafungua daftari, mi nikaanza kumwaga maelezo, akaniambia mama subiri kidogo, akamgeukia mtoto, wewe unataka nini? Kimya. Anachezea ndala yake. Mshauri akamsubiri hivyo hivyo mpaka akasema nataka nijue kutengeneza baiskeli. Sijawahi kulisikia hilo kinywani kwake, na Tanga yote hii ilivyojaa baiskeli! Likaandikwa, na fundi gani atampokea, na njia gani asipite, na siku za kumuona mshauri, na mi nifanye nini akiteleza akatumia tena. Kila wiki mbili daftari linafunguliwa, kisichowezekana kinabadilishwa. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kusikilizwa kwenye mambo yake, hafanyiwi hisani.

Hilo la kuteleza lisikilizeni sana. Mwili ukikaa muda bila unga haubebi tena kipimo cha zamani, akirudia kile kile anaweza kufa, sasa ukimfukuza atakwenda kutumia peke yake gizani. Hujui pa kuanzia, piga 119 ya Mamlaka ya Dawa za Kulevya, ni bure.

Sa hivi ni mwezi wake wa sita kwa fundi. Aliteleza mara moja, mwezi wake wa pili, na usiku ule ule akanigongea mlango akaniambia mwenyewe. Ile mara ya kwanza nlijua baada ya simu yangu kupotea.