Viti 120, waliokuja 14: maswali yenu kuhusu shughuli za maktaba ya chuo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wakutubi na viongozi wa wanafunzi. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha na urefu wake.

SWALI: Tuliandaa jioni ya ushairi kwenye ukumbi wa juu wa maktaba. Tulipanga viti 120, bango likakaa getini wiki mbili. Wakaja watu 14, wanne kati yao wafanyakazi wenzetu. Tulikosea wapi? *Mkutubi msaidizi, Mbeya*

Watu 14 kwa jioni ya kwanza si haba. Kilichoiua shughuli ni vile viti 106 vilivyobaki wazi. Msomaji akisimama mbele ya ukumbi mtupu sauti inashuka, na wasikilizaji wanajibanza nyuma karibu na mlango, kila mmoja kivyake. Pangeni viti 30 kwa nusu duara, mistari miwili, vingine viegemezwe ukutani. Watu wakizidi watavifuata wenyewe.

Hukututajia wiki wala saa, na hapo ndipo tunapotilia shaka. Chukua muhula wenye wiki 15 za masomo. Wiki mbili za mwanzo watu wako kwenye foleni za usajili na wengine bado wanatafuta vyumba. Wiki ya saba na ya nane ni za majaribio. Kuanzia ya 13, neno lisilo na UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ndani yake halisikiki. Zinazobaki ni ya 3 hadi ya 6 na ya 9 hadi ya 12, na hata humo, siku bumu (fedha za kujikimu za mkopo) linapoingia usiandae kitu. Anzeni saa 10:15 jioni, mmalize saa 11:30 kamili. Wengi wamepanga mitaani, na binti anayetegemea daladala kurudi geto hatabaki hadi saa 2 usiku kwa ajili ya beti tatu. Mkipitiliza muda mara moja tu, mara ya pili hawaji.

Halafu ratiba. Shairi la tarbia lenye beti 8 lina mishororo 32. Kila mshororo ukiwa na mizani 16, jumla ni mizani 512. Kwa kusoma taratibu, mizani nne kwa sekunde, linakula dakika mbili na kidogo. Likighaniwa, hesabu dakika tano. Kwa hiyo wasomaji 10 wanaingia kwenye dakika 40, mkiwachanganya wa kusoma na wa kughani. Ongeza dakika 15 za mtunzi mmoja mwalikwa, 15 za yeyote atakayejitokeza papo hapo, na tano za ufunguzi: hizo ndizo 75 zenu. Nafasi ya meza kuu haimo, na hatukuisahau. Ikishasikika "itifaki imezingatiwa", nusu ya vijana wameshatoa simu mfukoni.

Bango la getini halina msomaji. Wasomaji 10 mkiwaandikisha wiki mbili kabla, kila mmoja akaja na wenzake wawili, viti 30 vimejaa kabla hamjatangaza popote. Tangazo lenyewe, mistari minne isiyozidi, wapeni CR (wawakilishi wa madarasa) walipeleke kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa yao, mara moja siku tatu kabla na mara moja asubuhi ya siku yenyewe. Kipaza sauti kwa watu 30 hakihitajiki. Kinawachukiza wanaosoma ghorofa ya chini, na umeme ukikatika mnabaki kuangaliana.

SWALI: Klabu yetu ya usomaji ina wanachama 25, maktaba ina nakala tatu za riwaya tuliyochagua. Tukatoe kopi stesheneri? *Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Morogoro*

Hapana. Kunakili kitabu kizima mara 25 ni kuvunja hakimiliki, na maktaba ikionekana inalea jambo hilo, mkutubi ndiye atakayeulizwa. Piga hesabu kwanza, maana nakala tatu zinatosha.

Mwombe mkutubi aziweke kwenye akiba ya kaunta, zisomwe humohumo ndani kwa zamu za saa mbili. Maktaba ikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, hizo ni saa 14, yaani zamu saba kwa kila nakala, zamu 21 kwa siku. Kwa siku sita mnapata zamu 126, zaidi ya tano kwa kila mwanachama. Zamu tano ni saa 10: kwa riwaya ya kurasa 200, ni kurasa 20 kwa saa. Hata anayesoma pole pole atamaliza. Panga orodha ya zamu kwa majina, vinginevyo wote watataka jioni na asubuhi vitabu vitalala.

Wiki isiyo na zamu, chagueni hadithi fupi ya maneno 2,500 msome kwa sauti mkiwa mmekaa pamoja. Kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika ni dakika 23, mkipokezana kila ukurasa.

Onyo moja. Tumezoeshwa tangu sekondari kukipasua kitabu kwa fani na maudhui, na klabu nyingi hufa kwa sababu zinageuka kipindi cha marudio: mtu anaorodhesha dhamira, wengine wanaandika. Anzeni na swali lisilo na jibu la mtihani, kwa mfano sentensi gani uliirudia, au mhusika gani usingemkopesha hela. Dhamira zitajileta zenyewe.

SWALI: Tunaomba kona ya kupumzikia ndani ya maktaba wiki mbili za mitihani. Mkutubi mkuu anahofia kelele, wizi na uchafu. *Kiongozi wa wanafunzi, Eldoret*

Hofu zake ni za haki, kwa hiyo mpelekeeni mpango ulioandikwa, ukurasa mmoja. Kona iwe mbali na rafu na mbali na kaunta, yenye dirisha, ya watu 12 kwa wakati mmoja. Mikeka minne, mito, meza moja ya chini. Rangi za kuchorea ziwe za penseli, kwa sababu wino wa kalamu za rangi unapenya karatasi na kuchafua meza. Michezo itolewe kwa kuacha kitambulisho.

Chakula kisiingie kabisa. Makombo huita sisimizi, mende na panya, na mende akishamaliza makombo anahamia kwenye gundi ya majalada. Chai iwe barazani, na isiwe ya majani wala kahawa: kafeini aliyokunywa mtu saa 12 jioni, karibu nusu yake bado imo mwilini saa 5 usiku, na usingizi ndio kitu mnachojaribu kuwarudishia. Chemsheni mchaichai au tangawizi. Vikombe 100 vya mililita 200 ni lita 20, sufuria moja kubwa. Sukari wekeni pembeni, kila mtu ajipimie.

Kwa zoezi la kupumua, mtu aketi, avute pumzi kwa kuhesabu nne na aitoe kwa kuhesabu sita, dakika tano tu. Anayeona kizunguzungu anapumua haraka mno. Aache, arudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Mwenye pumu asilazimishwe kufuata hesabu. Anayesinzia mezani mwacheni dakika 20 kisha mwamsheni. Akipitiliza anazama kwenye usingizi mzito, na ataamka kichwa kizito kuliko alivyolala.

SWALI: Katika mazungumzo ya duara kuhusu msongo wa mawazo, mwanafunzi alilia akasema amechoka kuishi. Tulinyamaza wote. *Mkutubi, hakutaja mji*

Kabla ya duara lolote la namna hiyo, mshauri nasaha wa chuo awe ndani ya jengo, si kwenye simu, na chumba kidogo kiwe wazi jirani. Mmoja wenu apewe kazi hiyo tu. Jambo kama hilo likitokea, anamsogelea, anamwambia, "Twende tukae hapa pembeni," mwingine anaendelea na duara kwa sauti ya kawaida.

Huko chumbani ulizeni wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo. Mara nyingi linamtua mzigo. Sikilizeni, msihubiri, msimlinganishe na wenye shida zaidi. Msimwahidi siri ambayo hamtaweza kuitunza. Asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda chooni, mpaka mshauri amempokea mkono kwa mkono. Karatasi yenye namba ya ofisi haitoshi. Huenda akaogopa polisi: Tanzania, kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu, na Kenya ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwambieni kwamba mnampeleka kwa mshauri, si kituoni.

Duara lenyewe lisirekodiwe, na picha zisipigwe. Walengwa 10 wanatosha.

SWALI: Tuandae shughuli zetu tarehe zipi? *Klabu ya Kiswahili, Unguja*

Za kimataifa mnazo 21 Machi (ushairi), 23 Aprili (vitabu na hakimiliki), 7 Julai (Kiswahili) na 10 Oktoba (afya ya akili). Lakini angalieni almanaka ya chuo kwanza. Julai wengi wako kwenye mitihani au mafunzo kwa vitendo, na Oktoba mwaka wa kwanza hawajajua hata maktaba iko upande gani. Mkiisogeza 7 Julai hadi Mei, wiki ya tisa, Kiswahili hakitanuna.