Madeni yananikosesha usingizi, kichwa kinauma kila siku

Pole sana ndugu. Kushtuka saa tisa usiku moyo ukidunda, shingo imekaza, si uoga: hofu humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni zinazouweka mwili macho, presha inapanda, usingizi unakatika.

Andika madeni yote mchana, kamwe si kitandani: nani anakudai, kiasi, riba, tarehe. Mpigie mdai kabla tarehe haijapita, umwombe kulipa kidogo kidogo. Ukishachelewa, faini huongezeka. Usikope kwingine kuziba pengo.

Kahawa iishie saa sita mchana. Tembea dakika 30. Na tafadhali punguza dawa za maumivu, maana kuzimeza karibu kila siku nako huumiza kichwa.

Kapime presha, ikirudia kufika 140/90 au zaidi, muone daktari. Kifua kikibana au ukiwaza kujiua, nenda hospitali saa hiyohiyo.