Katalogi ikisema "hakuna", vitabu huenda vipo: kwa ndugu anayetafuta habari za kahawa ya Bugisu, mashariki mwa Uganda

Ndugu yangu uliyeanzisha uzi huu, umesema uliandika kichwa kizima cha tasnifu yako kwenye katalogi ya maktaba, kahawa na wakulima na Bagisu na wilaya ya Mbale na "tangu 1960" juu yake, ikakurudishia sifuri. Ukaamua kwamba maktaba zetu hapa Uganda hazina kitu, na mwenzetu mmoja akakuunga mkono: baki na Google, usipoteze nauli. Mimi nimekaa kaunta ya maktaba ya chuo hapa Kampala miaka mingi, na hiyo sifuri yako naifahamu vizuri. Nauli usiiogope bado.

Katalogi haisomi ndani ya kitabu. Inachojua ni kadi fupi tu: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, na vichwa vya mada viwili vitatu alivyoviweka mkutubi. Kila neno unaloongeza ni sharti jipya, na kitabu kisichotimiza masharti yote kinaachwa nje. Google ukiipa maneno kumi inakuvumilia, inakuokotea chochote kinachokaribiana. Katalogi haina huruma hiyo. Anza na maneno mawili, "coffee" na "Uganda", uone kinachotoka, ndipo upunguze.

Halafu kuna suala la majina, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Vichwa vya mada vingi tunavyotumia vilitungwa Washington, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na huko viambishi vyetu vilikatwa. Baganda wako chini ya "Ganda", Bagisu chini ya "Gisu". Ukiandika "Bagisu" utapata vile tu ambavyo mwandishi mwenyewe alilitumia neno hilo kwenye jina la kitabu. Jaribu yote mawili, na "Masaba" pia, jina jingine la watu haohao.

Wilaya nazo zimegawanywa mara ngapi? Kwenye eneo la Mbale ya zamani, Sironko ilimegwa 2000, Manafwa 2005, Bududa 2006. Ripoti ya miaka ya sitini haiwezi kuijua Bududa. Mashamba yaleyale utayakuta chini ya "Bugisu". Ofisi nazo hubadilika majina vilevile. Bodi ya zamani ya kununua na kuuza kahawa, Coffee Marketing Board, ndiyo mwandishi wa ripoti nyingi za kabla ya 1991. Mwaka huo ikaundwa mamlaka ya maendeleo ya kahawa, UCDA, na mwishoni mwa 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuirudisha kazi yake wizarani. Kwa hiyo mfululizo mmoja wa takwimu unaweza kukaa chini ya majina matatu, na kompyuta haitakuambia kwamba ni jambo lilelile. Magazeti ni hivyo hivyo: anayetafuta habari za 1974 akaomba New Vision atarudi mikono mitupu, kwa sababu gazeti hilo lilianza 1986. La serikali wakati wa Amin lilikuwa Voice of Uganda, lililochukua nafasi ya Uganda Argus.

Sasa rafuni. Wasomaji wengi hudhani mada moja ina rafu moja. Kwenye maktaba inayotumia mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, kahawa kama zao iko 633.73, kahawa kama biashara iko 338.1 na kuendelea, vyama vya ushirika viko 334, na historia ya Uganda iko 967.61. Mada yako imetawanyika pande nne za jengo! Aliyekaa 633.73 pekee atajifunza magonjwa ya mbuni na namna ya kupogoa, lakini hatakutana na Bugisu Cooperative Union iliyoundwa 1954, wala na sheria ya ushirika ya 1946 iliyofungua njia.

Njia ninayoiamini ni hii. Tafuta kitu kimoja tu kizuri, hata kama si chako hasa. Fungua kadi yake kwenye katalogi, bonyeza kichwa cha mada kilichoandikwa pale, itakuletea ndugu zake wote. Kisha nenda rafuni, usikichukue hicho tu ukaondoka. Soma migongo ya vitabu vilivyo kushoto na kulia kwake. Kisha fungua kurasa za mwisho, kwenye marejeo, uone yeye alisoma nini. Ukiona jina moja linarudi katika vitabu vitatu, huyo ndiye wa kumtafuta. Mwaka 1989 Marcia Bates, mtaalamu wa Marekani, aliandika kwamba watu hutafuta kwa kudonoa hapa na pale, na swali lenyewe hubadilika njiani. Nilipomsoma darasani pale EASLIS, shule ya ukutubi ya Chuo Kikuu cha Makerere, niliona ni nadharia tu. Kaunta ndiyo iliyonionyesha kwamba alikuwa akiwaeleza wasomaji wangu. Kwa hiyo mada yako ikigeuka kidogo baada ya wiki mbili za kusoma, usishtuke, na usimfiche msimamizi wako.

Kuhusu sisi wa kaunta. Watu hutuona kama askari wa kukagua mikoba, basi wanamuuliza mwenzao wa meza ya jirani, ambaye naye hajui. Anayefika kwetu huuliza, "Mna vitabu vya kahawa?" Nikimhoji kidogo inabainika anataka bei aliyolipwa mkulima kwa kilo msimu fulani. Hilo halimo kwenye kitabu, limo kwenye ripoti za mwaka, na ripoti zina chumba chake. Kwa Makerere, chumba hicho ni sehemu iitwayo Africana, ambako pia huwekwa nakala za machapisho ya humu nchini ambazo wachapishaji hutakiwa kuzikabidhi kwa mujibu wa sheria ya 1958. Tuambie unachotaka kukijua, acha sisi tuhangaike na aina ya chapisho.

La mwisho, maana limezidi siku hizi. Vijana wanatuletea orodha ya marejeo waliyopewa na programu za akili mnemba, wanataka tuwatolee. Orodha imepangwa vizuri, majina yanasikika ya kweli. Unakuta makala "ya Uganda Journal, 1928", wakati jarida hilo lilianza kutoka 1934. Kabla hujaja, angalia jarida lilianza lini, juzuu hiyo ipo, na kurasa hizo zina nini. Mkusanyo wa Uganda Journal uko pia kwenye maktaba ya Uganda Society, ndani ya jengo la Makumbusho pale Kamwokya, na ni mahali patulivu kuliko kwetu.

Google si adui, ila haikufungulii vya kulipia. Muulize mkutubi wako namna ya kuingia AGORA, mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Omba na nywila ya kuingilia ukiwa nyumbani. Tasnifu za waliokutangulia zitafute MakIR, hazina ya kidijitali ya Makerere, na uanzie na kurasa za marejeo yao.

Ukikwama kwenye ripoti za ushirika, andika hapa ni miaka ipi unayoihitaji, nitakuelekeza pa kuanzia.