Anayekuumiza si staa, ni yule mliyesoma naye

Wanawake wenzangu, kila siku tunaambiwa tusijilinganishe na mastaa wa mitandaoni. Sawa, ila mi sijawahi kukosa usingizi kisa mwigizaji wa Marekani ana kiuno chembamba, yule yuko zake mbali huko. Anayeninyima raha ni niliyekaa naye dawati moja, hesabu tulifeli wote, leo kaolewa, kajenga, ngozi inang'aa, halafu mi usiku wa manane nashuka na picha zake mpaka za miaka ya nyuma huko (na kidole nakiangalia nisije nikalaiki kwa bahati mbaya, aibu gani hiyo!).

Mwanasaikolojia Leon Festinger aliliandika hili tangu 1954, hizi simu hazijaotwa hata ndotoni, kwamba mtu hujipima na wale anaoona wanafanana naye, akishakuwa tofauti sana na wewe hamu ya kujipima naye inapungua. Ndo maana anauma wifi, anauma mdogo wako, anauma mwenzio wa ofisini.

Tena mastaa angalau wamebanwa kidogo, Ufaransa tangu 2017 tangazo likiwa na picha ya modo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Sasa huyu wa dawati nani atamwandikia? Kaweka filta, kachagua moja kati ya rundo, mume aliyenuna kamkata pembeni, we utajuaje?

Mi nachofanya, kwanza namnyamazisha, yaani picha zake zisinijie tena. Simbloku, maana ukimbloku atajua na itakuwa kesi ya ukoo, ila Instagram unamnyamazisha kimya kimya wala hapati taarifa. Halafu najiuliza hapa hasa nataka nini, ndoa, hela au hiyo ngozi? Mara nyingi nakuta nataka kitu kimoja tu, vingine hata nikipewa bure sivitaki. Kama ni kazi au biashara muulize mwenyewe kaanzaje. Kuna mmoja nilikuwa namwonea gere kweli, nikamuuliza, akanieleza anavyoamka saa kumi alfajiri asome kabla mtoto hajaamka, na mikopo juu. Gere ikaisha hapo hapo, wala sio kwamba nimekuwa mtu mwema sana, bei nimeiona na siko tayari kuilipa.

Wanaobaki ni mashangazi wa "mwenzio kashaolewa, we lini?" Hao hawana kitufe cha kunyamazisha, we mjibu tu "niombee shangazi" uendelee kula.