Wembe wa mzee

Swali lenu la wiki hii liliuliza: shirika la hisani la kidini likishakuwa kubwa, bado linaweza kumjua maskini kwa jina? Naamini linaweza, mradi likubali kujigawa.

Mimi ni Mvinsenti parokiani kwetu, huu mwaka wa kumi na moja. Chama chetu cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kilizaliwa Paris, Aprili 1833, mwaka mmoja baada ya kipindupindu kuua maelfu ya watu jijini humo. Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka 20, alianza na wenzake wachache. Aliyewaonyesha milango ya kubisha hodi ni Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba.

Haikupita miaka miwili wakawa kama mia. Ozanam akashauri wagawanyike. Baadhi walipinga kwa uchungu, kwa sababu walishakuwa ndugu. Mwaka 1835 wakagawanyika hata hivyo, na kwangu mimi hapo ndipo chama kilipookoka. Leo kimeenea katika nchi zaidi ya 140, na kazi yake ya msingi ni ileile: watu wawili kumtembelea mhitaji nyumbani kwake.

Nasema haya kwa sababu sisi tulikosea. Tulipoongezeka tukaona rahisi kugawa unga na maharage ukumbini, watu wapange foleni, katibu aweke tiki. Mzee mmoja akaacha kuja. Tukadhani amehama, tukafuta jina lake. Miezi mitatu baadaye, tulipojigawa kwa vigango, yaani sehemu ndogo za parokia, wenzetu wawili walimkuta chumbani kwake, mguu umevimba, hawezi hata kufika barabarani. Jirani ndiye aliyekuwa akimpikia uji. Bado naumia nikikumbuka ile kalamu iliyofuta jina.

Sasa mimi na mwenzangu tunakwenda kwake kila Jumatano. Kigoda ni kimoja, kwa hiyo mimi hukalia ndoo iliyopinduliwa. Fedha tunazotumia zinatoka kwenye mfuko unaopitishwa mwisho wa kila kikao, kila mmoja anatia mkono uliofumbwa, asijulikane nani katoa nini. Unga tunampelekea, lakini wiki iliyopita alituomba kitu ambacho hakikuwahi kuwa kwenye orodha yetu ya ukumbini: wembe, anyoe ndevu kabla padre hajamletea Komunyo.