Muulize Ami Fundi Rangi: Kutoka katuni hadi sinema

SWALI: Ami, shikamoo. Nina miaka 22, nakaa Likoni, nachora katuni. Nimekutumia kurasa mbili za hadithi yangu ya feri. Naambiwa kuna Mwingereza aliyeanza na katuni akaishia kubuni magari ya sinema. Ni kweli? Mimi nianzie wapi?
— Mchoraji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Huyo ni Brendan McCarthy, mzaliwa wa London. Alimchora Judge Dredd, shujaa wa katuni, katika jarida la katuni la Uingereza liitwalo 2000 AD, kisha akashiriki kubuni katuni za runinga za ReBoot, zilizoanza 1994. Filamu ya Mad Max: Fury Road ya 2015 aliiandika pamoja na mwongozaji wake George Miller na Nico Lathouris. Na waliiandika kwa penseli! Kabla ya mswada wa maneno, yeye na wachoraji wenzake walichora picha kama 3,500 zilizofuatana, gari kwa gari, pigo kwa pigo. Filamu ikazoa tuzo 6 za Oscar, wala hakuna hata moja yenye jina lake. Ndiyo kazi ilivyo.

Sasa kurasa zako. Feri umeipatia, hata kutu naiona. Anayenikera ni yule wa mkokoteni. Anateremka kuingia ferini na magunia ya viazi, nawe umemwinamisha mbele kama apandaye mlima. Akishuka hivyo mzigo utampitia juu. Huegemea nyuma, visigino chini, akainua mikono ili lile tairi lililofungwa nyuma kuwa breki likwaruze lami. Tairi lenyewe hukulichora. Fundi wa sinema akiujenga mkokoteni wako, hauna breki.

Usione haya. Mimi niliwahi kupaka simba ubavuni mwa matatu, simba wa kutisha. Utingo kuvuta mlango, kichwa kikaenda nyuma, kiwiliwili kikabaki. Mwenye gari alinilipa nusu, na haki yake.

Basi kesho alfajiri nenda kivukoni na daftari. Mchague hamali mmoja, umchore picha 12, tangu aanze kuteremka mpaka atie jiwe chini ya gurudumu. Usiandike neno hata moja. Uniletee, nikiweza kuzifuata bila kukuuliza, ndipo tutaongea habari za rangi.