Delegeti kwenye Swift: jiulize kwanza nani anamwita nani

Wengi ninaowasaidia kujifunza Swift, lugha ya Apple ya kuandika programu, hukwama sehemu ileile. Klasi wanazielewa, funksheni wanazielewa. Wakifika kwenye jedwali la UIKit, maktaba ya Apple ya kujenga skrini, wanaandika `tableView(_:didSelectRowAt:)`, funksheni ya mstari uliobonyezwa, kama walivyoelekezwa, inafanya kazi, halafu wanauliza: "Mbona mimi sijaiita popote?" Swali zuri sana hilo, usilipite haraka.

Mpaka hapo umezoea kuandika funksheni na kuiita mwenyewe. Kwenye delegeti unaiandika wewe, anaiita mwingine. Ni kama kumwachia fundi cherehani namba yako ili nguo ikiwa tayari akupigie. Hana haja ya kujua unakaa wapi wala unafanya kazi gani, mradi una simu. Namba ndiyo propati ya `delegate`. Sharti la kuwa na simu ndiyo protokoli, yaani orodha ya funksheni ambazo anayeikubali lazima awe nazo.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na delegeti za Apple, kwa sababu upande unaopiga simu umefichwa ndani ya UIKit. Tengeneza yako, uandike pande zote mbili. Chukua programu ya michango ya kikundi: skrini moja ina orodha, nyingine ina fomu ya kuongeza mchango. Kwenye faili la fomu andika:

```
protocol FomuDelegate: AnyObject {
    func fomuImehifadhi(_ mchango: Mchango)
}
```

Ndani ya klasi ya fomu weka `weak var delegate: FomuDelegate?`, na mtumiaji akibonyeza Hifadhi, ita `delegate?.fomuImehifadhi(mchango)`. Skrini ya orodha ikubali protokoli hiyo, iandike funksheni yenyewe, na kabla ya kuifungua fomu iseme `fomu.delegate = self`.

Mstari huo wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko yote, na ukisahaulika hakuna kosa litakaloonekana. Ile alama ya kuuliza baada ya `delegate` inamaanisha kwamba kama hakuna aliyewekwa, mwito unapita kimya kimya. Kwa hiyo ukibonyeza na kitu kisitokee, angalia hapo kwanza kabla hujagusa kingine.

Kisha weka brekipointi, yaani alama ya kuisimamisha programu, ndani ya `fomuImehifadhi` na uendeshe programu. Xcode, programu ya Apple unayoandikia kodi, ikisimama hapo, tazama mlolongo wa miito upande wa kushoto: chini kidogo ya funksheni yako utaiona ile ya fomu iliyoiita. Fanya vivyo hivyo kwa `didSelectRowAt`, na safari hii utakuta majina ya UIKit. Kwa wengi, fumbo huisha hapo. Mchoro wa ubaoni hauwezi kufanya kazi hiyo.

Kuhusu `weak`: Swift huiacha objekti kwenye kumbukumbu maadamu kuna anayeishikilia kwa nguvu. Orodha ikiishikilia fomu kwenye propati yake, na fomu nayo ikaishikilia orodha, zote mbili hazitaondoka hata skrini zikifungwa. `weak` inalegeza upande mmoja. Na kwa kuwa inafanya kazi kwa klasi tu, protokoli inahitaji `AnyObject`. Ukiondoa `AnyObject`, Xcode itakataa kukompaili.

Kama unachosubiri ni jibu moja tu, klosha, yaani kipande cha kodi unachomkabidhi mwingine akiite baadaye, inatosha na ni fupi zaidi. Delegeti inafaa pale matukio yanapokuwa mengi: mchango umehifadhiwa, umefutwa, mtumiaji ameghairi. Hata ukihamia SwiftUI, njia mpya zaidi ya Apple ya kujenga skrini iliyotoka 2019, ukitaka mahali alipo mtumiaji kupitia `CLLocationManager` utaikuta propati ya `delegate` inakusubiri.